Beya Werghi, Aliyenishikia Jumamosi Yangu

Waombolezaji wenzangu, majirani wa mtaa wetu hapa Kef, walimu mliofundisha pamoja na marehemu, na nyinyi waongozaji wa filamu mliotoka Konstantini, Rabat, Kairo na Beirut mkakaa safu ya mbele kana kwamba nyinyi ndio mliofiwa na sisi wa damu tumekuja kunywa chai tu, asalaam aleikum. Mimi ni Tijani Werghi, mdogo wake marehemu, mchekeshaji wa jukwaani kwa kazi, na nimepewa kusoma historia hii katika arobaini yake, leo Jumatatu tarehe 15 Aprili 2019, kwa sababu binti yake Emna amesema hawezi kuisoma bila kulia, nami inajulikana siwezi kuisoma bila kutania, familia ikakaa ikapima, ikaona heri mtani. Kabla hatujaondoka kwenda kula, familia pia inatakiwa imjibu Bwana Mkurugenzi wa ukumbi huu swali moja, kwamba Jumamosi alasiri sasa ni ya nani. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nimesimama hapa na moyo mweupe: Jumamosi hiyo naitaka, nimeitaka kwa miaka thelathini na miwili na miezi minne, na aliyekuwa ameikalia ndiye huyu tunayemwombea dua.

Marehemu Beya binti Tayeb Werghi alizaliwa tarehe 21 Aprili 1954 hapahapa Kef, mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Tayeb, fundi wa matandiko ya farasi, na marehemu mama yetu Bi Mahbuba, na mimi nikafuata tarehe 2 Mei 1964, nikakuta nafasi zote nzuri katika moyo wa mama zimekwisha kaliwa. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Beya alitembea akiwa na miezi tisa," nami nikiuliza, "Na mimi je, mama?" anajibu, "Wewe ulianza kwa kusema, na mpaka leo hatujajua pa kukuzimia."

Alisoma shule ya msingi ya wasichana kuanzia Oktoba 1960 hadi Juni 1966, akaendelea na sekondari hadi Juni 1973, kisha akaenda chuo cha ualimu mjini Tunis, alikohitimu Juni 1975. Huko Tunis ndiko alikojiunga na klabu ya filamu, na ndiko, mwaka 1974, alikoona kwa mara ya kwanza jina la mwanamke limeandikwa mahali pa mwongozaji, akadhani wamekosea kuandika, akangoja filamu irudiwe alasiri ili ahakikishe. Usiku ule aliandika barua ya kurasa sita, baba akaisoma kwa sauti mlangoni mpaka muuza makaa akasimamisha punda wake kusikiliza, kurasa sita nzima za filamu ya mwanamke mmoja asiyemjua, na mwishoni mstari mmoja kunihusu mimi: "Mwambieni Tijani aoge."

Alianza kazi tarehe 1 Oktoba 1975 akiwa mwalimu wa Kiarabu katika shule ya msingi hapa mjini, akaifanya kazi hiyo bila kuhama mpaka alipostaafu tarehe 31 Agosti 2014, na wengi wenu mlioko ukumbini leo mnaandika mwandiko wake hata kama mmesahau majina yenu.

Tarehe 17 Agosti 1978 alifunga ndoa na Bwana Laroussi Hmaidi, karani wa stesheni ya reli, ambaye yupo hapa nasi, na Mungu ampe subira. Siku ya harusi shemeji alinishika bega, mimi nikiwa na miaka kumi na minne, akaniambia kwa majivuno, "Sasa dada yako nimemchukua." Nikalia siku tatu. Miaka kadhaa baadaye, nyumba ikiwa imejaa wageni wa filamu wanaozungumza juu ya mwanga na kivuli huku wakimaliza kuskusi, shemeji huyohuyo alinifuata uani ameinamisha kichwa, akasema, "Tijani ndugu yangu, na mimi nimechukuliwa." Tukakaa wawili kwenye ndoo zilizopinduliwa, kama wake wenza walioachwa siku moja. Katika ndoa hiyo Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Emna, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1980, ambaye leo ni mfamasia mjini Susa.

Sasa nafika kwenye Jumamosi. Mwaka 1985 mimi na wenzangu watano tulianzisha kikundi cha vichekesho, na ukumbi huu ukatupa Jumamosi saa tisa alasiri, siku ambayo kila mchekeshaji anaiota, soko limefungwa, watu wamekula, wameoga, wanataka kucheka. Oktoba 1986 tukaitwa Tunis kuigiza kwa wiki tatu, na kwa kuwa ukumbi ukikaa wazi hupewa mwingine, nilimwendea dada yangu jikoni nikamwambia kwa mdomo wangu huu mwenyewe, "Dada, nishikie Jumamosi yangu mpaka nirudi." Akasema, "Nishike na nini?" Nikasema, "Na chochote." Tarehe 8 Novemba 1986 akaishika na filamu ya dakika ishirini na mbili ya binti mmoja wa Tunis juu ya wafumaji wa mazulia, wakaja wanawake kumi na mmoja, na wanne kati yao walikuja kuniona mimi, hao siwasahau. Niliporudi nikamkuta mlangoni anakata tiketi.

"Dada, nimerudi. Jumamosi yangu?"

"Jumamosi gani? Ingia ukae, inaanza."

Nikaingia nikakaa. Hilo ndilo kosa la maisha yangu. Kikundi changu kikapewa Jumanne, siku ambayo hata paka wa Kef wana shughuli.

Ninyi mliokuja baadaye hamjui alivyozitangaza filamu zake za kila Jumamosi, za waongozaji wanawake tu, hakuna kampuni iliyomsaidia, alichora mabango kwa mkono kwenye karatasi za shule, akayabandika kwenye hamamu, bafu la mtaa, kwa mwoka mikate, kwa wauza sufu, na kwenye dirisha la tiketi la stesheni, mahali ambapo shemeji aliambiwa na mkubwa wake ayaondoe, naye akajibu kuwa gundi ya mke wake haibanduki. Aliwaandikia waongozaji wasiojulikana hata na majirani zao, akiwaambia njooni na filamu zenu, chakula kipo, kitanda kipo. Kitanda chenyewe kilikuwa changu, kwa maana nilikuwa bado naishi nyumbani kwao, na kila alipofika mwongozaji mimi nilihamishiwa sebuleni, shuka safi akapewa yeye, mkate wa mayai ukapikwa kwa ajili yake, na mimi nikiuliza kama na wachekeshaji hupikiwa, dada anasema, "Wewe ukitengeneza filamu utapikiwa." Nikisema, "Mimi ni mwanamume, hutaionyesha," anasema, "Basi utakula mabaki." Kuna mwongozaji mmoja yuko hapa, simtaji, alikaa siku kumi na saba.

Na alikuwa na sheria. Filamu ikiisha taa huwashwa, watu hawaondoki, mjadala unaanza, na neno la kwanza lazima liwe la mwanamke, ikiwa hakuna mwanamke anayesema tunakaa kimya mpaka apatikane. Januari 1988 tulikaa kimya dakika arobaini, mwalimu mmoja wa falsafa mishipa ya shingo imemsimama kwa maneno, mimi mzaha umenijaa mpaka machozi yananitoka, dada kasimama amekunja mikono anatutazama kana kwamba tuko kwenye mtihani. Ndipo Bi Jannet Ayari, mwoka mikate, yule pale safu ya pili, akasema, "Mimi nilikuwa nangoja mtu aniambie kama inaruhusiwa kusema sikuelewa." Dada akasema, "Inaruhusiwa." Bi Jannet akasema, "Basi sikuelewa, na nitawaambia wapi." Akatuambia wapi kwa nusu saa, na toka siku hiyo hakuna aliyewahi kumnyamazisha, hata mume wake, Mungu amrehemu.

Hapa naomba mwongozaji Wasila Gerfi wa Konstantini asinyanyuke mpaka nimalize. Machi 1993 filamu yake ya kwanza ndefu ililetwa kwa gari mpaka mpakani Sakiet, na dada akanituma nikaipokee. "Ni maboksi matano, Tijani, kila boksi na mkanda wake. Matano. Hesabu mbele ya afisa wa forodha." Nikahesabu, yalikuwa matano. Kwa miaka yote hii watu wameambiwa kwamba boksi la nne lilipotea mpakani, na leo, kwa kuwa ni historia ya marehemu na si yangu, nasema kweli: halikupotea. Njiani nilikuwa nafikiria kitanda changu, na shuka safi, na mkate wa mayai, na nilipofika hapa nikalitumbukiza boksi la nne kwenye sanduku la barakoa za kikundi changu chini ya jukwaa hili, nikitaka kwa mara moja tu Jumamosi ya dada yangu imwaibishe.

Mnaokumbuka mnakumbuka. Mkanda wa tatu ulimalizika mjane anatoka nyumbani na sanduku mkononi, na ghafla, katika mkanda wa tano, anarudi amevaa koti la kiume na anacheka. Taa zikawaka, Mzee Hedi wa mashine ya kuonyeshea filamu akaomba radhi, nami nikajiegemeza ukutani kungojea aibu. Wanawake wakaanza.

"Alikwenda Ufaransa huyo."

"Ufaransa gani na viatu vile?"

"Koti ni la kaka yake."

"Weee! Koti la kaka halimkai mtu namna ile. Nimevaa makoti ya kaka zangu, najua."

"Wewe na makoti yako, tutakuuliza wewe baadaye."

Kisha Bi Jannet akasema, "Hakwenda popote. Alikodi chumba akalala siku tatu bila kuamshwa na mtu, na koti alilikuta msumarini." Akaanza mmoja kulia, na mwingine kucheka, na kila mmoja akaeleza ni wapi angekwenda yeye kama angekuwa na sanduku na siku tatu, wakaeleza kwa saa mbili na nusu, wanawake ninaowajua tangu utotoni, wakataja miji ambayo sikudhani wameisikia. Wasila alikuwa anaandika kwenye magoti yake. Aliporudi kwao aliuondoa mkanda wa nne katika nakala zote za filamu, filamu ikapata zawadi kubwa ng'ambo, akasema gazetini kwamba anawashukuru wanawake wa Kef. Wasila dada yangu, zawadi ile nusu yake ni yangu, na wivu niliokuwa nao nilipoisoma habari ile ulinilaza kitandani siku mbili, kitanda ambacho, kwa bahati, siku hizo kilikuwa na nafasi.

Marehemu alianza kuumwa Septemba 2018, akidhani ni tumbo la kawaida, na tarehe 11 Oktoba 2018 uchunguzi mjini Tunis ulionyesha saratani ya kongosho, akatibiwa huko mpaka Desemba, kisha akaomba arudishwe hospitali ya hapa Kef, akisema kama ni kulala tu, heri alale mahali ambapo wageni wake hawahitaji kupanda basi. Miezi hiyo ya mwisho, kila usiku wageni walipoondoka, kwa mara ya kwanza tangu 1986, nilimpata peke yangu. Nasema bila haya kwamba nilifurahi. Siku moja, mwisho wa Januari, nilikuwa namlisha supu akaniambia bila kufungua macho, "Boksi la nne ulilitia kwenye sanduku la barakoa."

Nikarudisha kijiko bakulini. "Ulijua lini?"

"Siku ileile, katikati ya mjadala. Hedi alilikuta, akaja kuninong'oneza, 'Mwalimu, liko hapa, tuliweke?' Nikawatazama wale wanawake wanavyosema. Nikamwambia alirudishe alikolitoa."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ingenibidi nikushukuru, na wewe ungevimba kichwa."

Nikaona hapo hapo ndipo pa kuomba. "Dada, basi nirudishie Jumamosi yangu."

"Ichukue," akasema. "Lakini usiniombe mimi. Waombe wanaokuja kukaa."

Nikamuuliza pia, kwa kuwa nilikuwa nimejipa ujasiri, kwa nini hakuwahi kuja kuniona mimi Jumanne hata moja. Akafungua jicho moja. "Nilikuja kila Jumanne niliyoweza. Nilikaa nyuma gizani, usije ukanifanya kichekesho mbele za watu. Nilicheka sana, Tijani. Lakini mchezo wako ukiisha umekwisha, na mimi ninakwenda kupika."

Alifariki siku ya Alhamisi tarehe 7 Machi 2019, saa tano asubuhi, Emna akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto, tukamzika Ijumaa tarehe 8 Machi, siku ya wanawake duniani, hata maziko yake akayapangia tarehe, mchana wote redio zikawa zinatoa hotuba za kumsifu bila kujua.

Tarehe 18 Machi nilikwenda kwa Bwana Mkurugenzi nikamwambia kuwa mpaka arobaini ifike nipewe Jumamosi kwa muda, naye, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akanipa. Jumamosi tarehe 23 Machi saa tisa, kikundi changu chote tayari, tukafungua pazia, na ukumbi umejaa, wanawake kama tisini na mito yao ya kukalia, mbegu za alizeti na chupa za chai. Hakuna aliyewaita, wamekuja tu kama walivyokuja miaka yote. Nikawapa kichekesho changu kikubwa, kile cha mume na mkewe na mama mkwe, ninachokicheza tangu 1985, na walicheka, naapa, walicheka mpaka mbegu zikawapalia. Nikainama, wakapiga makofi, pazia likafungwa. Nikachungulia. Wamekaa. Nikatoka nikainama tena. Wamekaa. Nikamwambia Mzee Hedi awashe taa, akawasha. Wamekaa.

"Mama zangu, imekwisha. Kwaherini."

"Tumeona imekwisha, mwanangu," akasema Bi Jannet. "Sasa kaa."

Nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa na viatu vyangu virefu vya kuchekesha vikining'inia.

"Huyo mke kwenye mchezo wako, anaitwa nani?"

"Anaitwa... mke."

"Mke nani?"

"Mke wa bwana, mama."

"Miaka thelathini na minne hujamtafutia jina? Mbuzi wangu wana majina."

Mwingine akauliza, "Na kwa nini kila anapofungua mdomo mlango unapigwa hodi?"

"Hapo ndipo penye kichekesho, mama."

"Tumekiona, tumecheka. Sasa tunataka kujua alikuwa anataka kusema nini."

Nikafungua mdomo, na mimi, ambaye mama yangu hakujua pa kunizimia, sikuwa na neno. Nimeuandika mchezo ule, nimeucheza mara zaidi ya mia nne, na sikuwahi kujiuliza. Wakanijibia wao. Wakabishana kuhusu alilotaka kusema mwanamke yule mpaka adhana ya Magharibi, wengine wakisema alitaka kuomba talaka, wengine alitaka kusema tu chumvi imekwisha, na Bi Jannet akisema hayo mawili husemwa kwa sauti moja. Wenzangu wa kikundi walikuwa wamekwisha ondoka. Mimi nilikuwa nimekaa palepale na wivu, wivu mpya, mkubwa kuliko ule wa kitanda na mkate, kwa sababu katika miaka yangu yote ya makofi hakuna mtu aliyewahi kubaki kitini dakika moja kwa ajili ya kitu nilichokifanya, na dada yangu alipewa kitu hiki kila wiki, akaenda nacho nyumbani, akalala nacho, hakunigawia, au labda aliniambia "ingia ukae" na mimi sikusikia.

Walipokuwa wanakusanya mito yao Bi Jannet akaniuliza, "Jumamosi ijayo filamu gani?"

"Mama, Jumamosi sasa ni ya..."

"Nimekuuliza filamu gani."

Basi nikatumia saa tatu kuandika mistari minne kwa binti mmoja wa Oran ambaye jina lake nililikuta kwenye daftari la marehemu, akaleta filamu yake tarehe 30 Machi, nikampisha kitanda. Nikabandika mabango mwenyewe, na kwenye hamamu nilipigiwa kelele tokea ndani, "Tijani! Ni saa ya wanawake hii, bandika ukimbie!" Nikabandika kombo, nikakimbia. Tarehe 6 na tarehe 13 Aprili vilevile.

Kwa niaba ya familia nawashukuru Daktari Olfa na wauguzi wote waliomhudumia, mliovumilia wageni arobaini katika chumba cha watu wanne, nawashukuru majirani mliotupikia siku zote za msiba, walimu wenzake mliosimamia mazishi, Mzee Hedi, wafanyakazi wenzake shemeji wa stesheni, na ninyi waongozaji, nawashukuru na nyinyi, ingawa kwa shida.

Na sasa jibu letu, Bwana Mkurugenzi, tafadhali shika kalamu. Usiandike Werghi, kwa maana najijua, mkiniandika mimi, baada ya mwezi nitaanza kupanda jukwaani kabla ya filamu ili "kuwachangamsha watu kidogo," na baada ya mwaka filamu itakuwa inanisubiri mimi nimalize. Emna yuko Susa, na shemeji amesema anataka kupumzika. Andika Jannet Ayari, mwoka mikate. Hajui kwamba nitamtaja, naona ananitolea macho, na kuanzia dakika hii zamu ya kuonewa wivu ni yake, ajiandae, mimi ni mzoefu. Mimi nitabandika mabango, na Jumanne yangu ninayo, nina mke mmoja jukwaani huko ambaye inabidi nimalize kumsikiliza.

Pumzika, dada Beya, kwa amani uliyoninyima mimi miaka thelathini na miwili. Jumamosi ina wenyewe.